Miezi Yangu Saba, Miezi Yao Tisa

Kwetu mimba haihesabiwake mbele ya watu. Mutu akikuuliza, "Mama, sasa iko miezi ngapi?" unapunguza miwili, na kama unamuogopa huyo mutu, unapunguza mitatu. Uko na saba, unasema tano. Hakuna mwenye kukuita muongo, maana naye alifanyaka vile vile. Adui akijua mwezi yako ya kuzaa, atakungojea. Akihesabu mubaya, atafika wakati umekwisha kuzaa na mutoto ananyonya. Ndivyo wazee walisemaka, na pale Bunia, miaka ya sabini ikielekea mwisho, hata wanawake wa kuvaa viatu vya kisigino walifanyaka vile.

Mimi nilikuwa na kichwa nguvu. Nilizaliwa kule ziwani, upande wa Mahagi, nikasoma kwa masista mupaka mwaka ya sita, na nilijiona mwerevu kupita wote wa Nyakasanza, mutaa yetu pale Bunia. Mimba yangu ya kwanza niliitangaza. Kwa bomba ya maji, kila mwenye kuuliza nilimuambia mwezi kamili, tena bila kuinamisha sauti. Mutoto akatoka mu mwezi ya saba. Alikuwa mwanaume. Alipumua toka asubui mupaka magaribi, kisha akaacha.

Mama mukwe alikuja kwa kilio, akakaa siku tatu bila kunisemesha. Siku ya ine aliniambia mbele ya dada za bwana yangu: "Ulimuhesabia mutoto sawa vile wanahesabiaka mbuzi kwa soko." Nilikuwa na maziwa mu kifua na hakuna wa kuinyonya, na huyu mama alikuwa ananiambia mimi ndiye nilimuua mutoto wangu. Neno ile nilishindwa kuisamehe, na sikujaribu sana.

Mwaka iliyofuata nikabeba mimba tena. Sikusema kwa mutu, hata kwa bwana yangu. Yeye alikuwa shofere wa kamio, gari kubwa ya mizigo, anaenda Kpandroma kuleta viazi na mashu, yale makabichi, anakosekana siku tatu, siku ine kila juma. Mambo ya tumbo yangu ilimupita mbele ya macho. Lakini siku moja kamio yake ilisimama mbele ya nyumba, na ndani ya kabini alikaa mama mukwe, na kibuyu yake ya maziwa mu magoti, na mukeka, na mufuko ya nguo. Alitoka kwenye kilima yao, mbele kidogo ya Iga Barrière. Hakuna mwenye kumuita. "Nimekuja kuchunga tumbo," akasema, na akaingia.

Alijuaje? Sikuuliza. Nilikasirika tu.

Basi sheria zikaanza. Usikae kwa mulango. Usifunge kamba mu shingo. Nguo yako isilale inje. Maziwa, kunywa, samaki, acha. Kwao ni watu wa ng'ombe, maziwa na samaki haikae mu nyumba moja. Kwetu ni watu wa ziwa, na mama yangu alinitumiaka kitunga ya bitoyo, samaki wale wa chumvi ya kukausha, kila kamio ikipanda kutoka chini. Nilipika bitoyo kila juma, na mama mukwe alitoka kukaa inje mupaka harufu iishe. Nakubali leo: mara ingine nilipika bila njaa.

Na sheria ya kupita zote ilikuwa ya miezi. "Kwa materniti wakikuuliza," aliniambia siku ya kwanza ya kwenda kupimisha, "sema tatu." Nilikuwa na tano.

Ule mustari wa materniti ningependa muuone. Wanawake ishirini kwa benchi, mimba imejaa mu kikwembe, kitenge ya kujifunga, na hata moja haikufika mwezi ya sita. Mama moja karibu nami, tumbo yake ilikuwa inagusa benchi ya mbele, akasema yeye iko na ine. Mwenzake akamutazama juu na chini: "Ine? Weye utazaa tembo." Tukacheka siye wote, na yeye mwenyewe alicheka mupaka akashika mugongo. Kesho yake nilisikia alizaa usiku ule ule.

Muzalishaji alikuwa mama munene, sauti ya kusikilika mupaka kwa barabara, mikono myepesi. Nusu ya watoto wa Bunia walipitia mu mikono ile. Alituambiaka siye wote, "Mficha uchi hazai," na siye wote tuliitikiaka ndiyo mama, kisha tunaficha. Alipofika kwangu akauliza: "Miezi ngapi?"

"Tano," nikasema.

Akanitazama. Nilikuwa murefu na mukondefu, tumbo imekaa nyuma sawa haiko. "Tano?"

"Tano kamili, Mama. Mimi sifiche."

Akacheka, akanipiga kofi kidogo ya mugongo. "Nyiye warefu munafichaka mimba mu mugongo," akasema, na akaandika kwa fishi yangu, karatasi ya kupimisha, na fishi ikaingia mu kabati yao. Fishi haikutokaka mule. Sikuona aliandika nini, na sikuwaza kuona. Nilirudia Nyakasanza nikitembea sawa mwenye kushinda kesi. Mama mukwe aliniuliza, "Ulisema tatu?" Nikamujibu, "Nilisema tatu." Bongo ile, uongo wangu kwa mama mukwe, ilinifurahisha kupita kweli yenyewe. Kwa materniti sikusema kweli kwa sababu ninapenda kweli. Nilisema juu ya kumukomesha huyu mama.

Mwezi iliyofuata nikarudia. Muzalishaji akanilaza, akapima tumbo na meta yake ya fundi wa nguo, akapima tena. Uso yake ikabadirika.

"Mama, unakula?"

"Ninakula."

"Unakula nini? Mutoto huyu iko mudogo sana. Kwa miezi yako, iko mudogo. Hakomae."

Maneno ile iliniingia mu tumbo pale mutoto alikuwa. Wa kwanza pia alikuwa mudogo. Nilimuona tena vile alikuwa kwa kikwembe, kifua yake ikipanda na kushuka, na mimi nikihesabu kila pumuzi. Nikamuuliza muzalishaji nifanye nini. "Kula," akasema. "Kula, kula, kula. Unataka kuzika tena?" Hakuwa mubaya, alisemaka vile na watu wote. Lakini nililia njia muzima toka pale mupaka nyumba, na mbele ya kuingia nikapangusa macho kusudi mama mukwe asijue.

Basi nikakula. Bugali asubui, bugali muchana, bugali jioni. Sombe ya majani ya muhogo, maharagi, lenga-lenga ya muchicha. Na bitoyo kila siku, maana mutu aliniambia samaki inajenga mifupa ya mutoto, na maana maziwa ya kibuyu ya mama mukwe nilikuwa nimekwisha kuikataa na singeweza kurudi nyuma. Chumvi ya bitoyo ilinipa kiu, nikakunywa maji kopo kwa kopo. Na kweli, mwili ukaanza kujaa. Miguu ikajaa kwanza, viatu ikakataa. Pete ya ndoa ikabana mupaka nikaitoa na sabuni. Kisha uso. Majirani wakapiga mikono: mama, sasa umenenepa, sasa umekuwa mutu. Bwana yangu alirudi toka Kpandroma, akanizunguka akicheka, akasema, "Leo ndiyo unafanana na muke wa shofere." Nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilifikiri nyama ile yote inaenda kwa mutoto.

Mama mukwe peke yake hakupiga mikono. Jioni moja nilikuwa nimenyosha miguu kwa mukeka, akaja akachuchumaa, akabonyeza kidole kwa mufupa ya mbele, chini ya goti. Akatoa kidole. Shimo ikabaki. Tuliitazama siye wawili, na ilichukua wakati kujifunga.

"Hii haiko nyama," akasema. "Hii ni maji."

"Ni vizuri, Mama. Ninanenepa."

"Ng'ombe ikivimba vile mbele ya kuzaa, hatulale. Acha hii samaki. Chumvi ndiyo inakuita maji."

Nilikuwa nimechoka, kichwa ilikuwa inauma toka asubui, na nilikuwa na woga ambao sikuwa na mahali pa kuuweka. Nikamuambia: "Mi siko ng'ombe yako."

Akaondoa mukono. Akaenda kukaa nyuma ya nyumba na kibuyu yake, na nilimusikia akikoroga maziwa wakati murefu. Nilipaswa kumufuata. Sikumufuata.

Juma ile ile, siku ya tano asubui, nilikuwa kwa bomba ya maji na nikaona nyota ndogo ndogo zikicheza mbele ya macho, muchana mweupe. Kichwa ikapiga sawa mutu anatwanga ndani. Niliacha ndoo pale pale. Bahati bwana yangu alikuwa hajaondoka. Akanipandisha mu kamio, mama mukwe akapanda pia bila kuuliza, na tukashuka kwa materniti. Njiani bwana yangu alikwepa mashimo ya barabara pole pole, na kila shimo aliyoshindwa kukwepa alisema "pole", kama vile ni yeye alichimba.

Mama mukwe alibaki kwa kiwanja. Mama ya mwanaume haingie pale wanafunua muke wa mutoto wake. Muzalishaji akanifunga mukono, akapampu ile mashine ya tansio, ya kupima nguvu ya damu, akasikiliza, akapampu tena. Sauti yake kubwa ikapotea. Akatoka mbio, vile alivyokuwa munene, na akarudia na dokta.

Dokta alikuwa kijana, alitoka mbali, upande wa Kinshasa, Swahili yake ilikuwa inachechemea. Akasoma fishi yangu. Akabonyeza miguu, akanitazama mu macho.

"Sitwayeni," akasema, ndiyo kusema raia, maana wakati ule ndivyo wanawake tuliitwaka mu ofisi yote, "damu yako imepanda sana. Ikipanda tena, utaanguka kifafa, na unaweza kufa, weye na mutoto. Lakini uko na bahati. Miezi yako imetimia. Leo tunakupatia dawa, uchungu unaanza, mutoto anatoka, damu inatulia."

Nilisikia kwanza neno bahati. Nilipumua. Kisha nikasikia ingine.

"Imetimia namna gani, Dokta?"

"Tisa," akasema, na akageuza fishi.

"Haiko tisa. Ni saba."

Muzalishaji alikuwa anapanga vyombo kwa meza. Akasema bila kugeuka, na upole wote: "Mama, sasa haiko saa ya kuficha."

"Mama, sifiche. Siku ile nilikuambia tano. Mwezi ikapita, ikawa sita. Leo ni saba."

"Uliniambia tano, nikaandika saba." Sasa akageuka. "Wanawake wote wa hapa wanakataka miwili. Wote. Miaka kumi na tano niko nawaongezea miwili, na sijapoteaka. Kama ningeandika ile wanasema, siku ya kuzaa ingewakuta wote kwa shamba."

"Lakini mimi nilisema kweli."

"Wote wanasemaka 'mimi ninasema kweli'."

Nilitafuta neno ya kumushawishi na sikupata hata moja. Neno zote za kweli, wenzangu walikuwa wamekwisha kuzitumia kwa bongo. Nilitaka kumurarua. Mutoto wa miezi saba nilikuwa nimekwisha kumuzaa mara moja, nilijua urefu wa siku yake. Na mule tumboni huyu wa pili alikuwa anapiga teke, hajui kwamba watu wanabishana juu ya miezi yake.

Dokta akauliza kama mutoto iko ukubwa gani. "Mudogo," muzalishaji akasema, "lakini alikuwa mudogo toka mbele. Mama huyu hakulaka vizuri." Basi hata udogo wa mutoto haukunisaidia.

Dokta akashusha fishi. Alikuwa kijana, nimesema, na nikaona jasho juu ya mudomo yake. "Sikilizeni. Kama ni tisa, ni leo. Kama ni saba, nikimutoa leo hatuna chombo ya kumulea, atakufa. Nikimuacha, ni mama ambaye anaweza kufa. Mi siwezi kukata kati ya vitu viwili vile na namba ya kukisia. Bwana yake iko wapi?"

Bwana yangu akaingia, kofia mu mikono. Wakamuuliza. Akatazama kofia ndani kama vile imeandikwa pale. "Mambo ya miezi..." akasema, "hiyo ni wanawake. Muulize Mama."

Nikamuambia muzalishaji: "Muite."

Mama mukwe akaingia, akatazama ukuta kusudi asitazame miguu yangu. Nilikuwa nimekaa kwa kitanda, nikashuka chini, nikapiga magoti mbele yake na tumbo yangu yote. Nikamuambia kila kitu pale pale, mbele ya dokta na mbele ya mutoto wake. "Mama, nilikudanganya. Ulisema niseme tatu, mi nikawaambia tano, kweli yenyewe. Wao wakaongeza miwili. Sasa wanafikiri ni tisa, na wanataka kumutoa leo. Hawaniamini. Uwaambie."

"Niwaambie nini?"

"Miezi."

Dokta akamuuliza kwa heshima: "Mama mukongwe, mimba hii iko na miezi ngapi?"

"Siye hatuhesabake," akasema.

Nilishika kikwembe yake. Nilijua ninamuomba nini. Kwake yeye, kuhesabu kwa sauti mbele ya watu ine ni kumuonyesha mutoto kwa kifo kwa kidole. Alikuwa anaamini vile kabisa, hakuwa anacheza. Yule wa kwanza, kwa mawazo yake, alikufa kwa kuhesabiwa. Na huyu wa pili atakufa kwa kukosa kuhesabiwa. Nikamuambia: "Mama, mi niko ng'ombe yako. Hesabu."

Akamutazama mutoto wake. "Weye, toka inje." Bwana yangu akatoka. Mama mukwe akageuka, akatupatia mugongo, uso yake kwa dirisha, na akainua mukono ya kuume. Alisema pole pole, na kila mwezi aliufunga na kidole.

"Ule mwezi huyu aliacha kuanika vitambaa vyake vya damu, watu walikuwa wanachoma mahindi mabichi. Nilikuja siku mbili kuwaamkia, nikaona kamba nyuma ya choo iko mutupu, nikarudi kwetu nikanyamaza. Moja. Mwezi mvua iliangusha ukuta wa jirani. Mbili. Mwezi wa kumbikumbi, alitapika harufu yao. Tatu. Mwezi wa kuvuna maharagi. Ine. Noeli. Tano. Mwezi wa kuchoma majani kule kwetu. Sita. Na huu, wa vumbi." Mukono ya kwanza ilikuwa imejaa, alikuwa kwa kidole ya pili ya mukono ingine. "Saba. Saba na siku tisa."

Hata mimi sikujua zile siku tisa. Huyu mama aliyekataza watu kuhesabu, alikuwa amehesabu peke yake, mu roho, toka siku ya kwanza, mbele mimi mwenyewe sijawa na hakika.

Kisha akashusha mikono na akageuka. Uso yake ilikuwa imezeeka. "Sasa nimemuhesabia," akaniambia mimi, si dokta. "Akikufa, ni mimi nimemuua."

Muzalishaji akachukua fishi, akachukua kalamu, akakata ile tisa. "Dokta," akasema, "ni saba. Mwenye kusema bongo haogope vile."

Hawakunirudisha nyumba. Wakanilaza chumba ya mwisho, pazia imefungwa, ubavu wa kushoto, usiku na muchana ubavu wa kushoto mupaka sikio ikauma. Dawa ya kutuliza. Chumvi hata punje. Tansio asubui na jioni, na dokta akasema wazi: ikipita pale, atamutoa mutoto, hata akiwa na saba, hata akiwa na nusu. Basi kila asubui na kila jioni, wakati ile kitambaa ilikuwa inakaza mukono yangu, nilitazama uso wa muzalishaji, maana mashine sikuijua kusoma. Akikunja mudomo, nilijua imepanda. Mara tatu ilipanda mupaka wakaita dokta. Mara tatu ilishuka. Niliogopa kufa, niseme wazi. Wanawake wanapenda kusema waliogopa juu ya mutoto tu. Mi niliogopa juu yangu pia, nilikuwa na miaka makumi mbili na moja.

Siku moja muzalishaji alikuja saa ya muchana, akakaa kwa kitanda ikalia chini yake. "Mama," akasema, "weye ndiye wa kwanza."

"Wa kwanza wa nini?"

"Wa kusema kweli. Sasa wenye kufuata, nitawajuaje?"

Aliuliza sawa mutu mwenye kuumia, na nilimukasirikia, na nilimuhurumia. Mahali wote wanapunguza, mwenye kusema kamili ndiye anapotosha watu.

Mama mukwe alilala chini, kwa mukeka, karibu na kitanda yangu. Alinipikia maharagi bila chumvi, matembele bila chumvi, alinionjea chakula kwanza na kukunja uso kama mutoto. Asubui bwana yangu alileta maziwa, na sasa nilikunywa, kopo muzima, na mama mukwe hakunisema juu ya bitoyo hata neno moja. Afazali angesema. Lakini kitu kimoja hakufanya tena. Hakugusa tumbo yangu. Wakati muzalishaji alikuja na ile pembe yake ya mbao kusikiliza moyo wa mutoto, mama mukwe aliamka na kutoka. Alirudiaka tu kisha muzalishaji kusema kwa sauti, "Anapiga vizuri."

Juma tano tulishinda vile. Juma ya sita haikuanza: tansio ilipanda asubui na haikushuka, nikaona tena zile nyota, na dokta akasema, "Sasa." Wakanipatia dawa. Uchungu ulikuwa mbaya na mufupi. Saa tisa ya muchana mutoto akatoka, musichana, kilo mbili kasoro, na akalia. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini alilia kwa hasira, na muzalishaji akasema, "Huyu ni wako."

Magaribi ile nilikuwa nimelala na mutoto juu ya kifua, ngozi kwa ngozi, vile muzalishaji aliniamuru kusudi apate moto yangu. Sikutazama kitu ingine isipokuwa mugongo yake ikipanda na kushuka. Jua likazama. Akaendelea kupumua. Nililia mupaka shuka ikalowa, na tansio yangu ilikuwa inateremuka, muzalishaji alinionyesha na vidole.

Mama mukwe hakuja. Wakamuambia mutoto ni muzima, akasema, "Mungu asifiwe," akaendelea kufua nguo. Siku ya kwanza hakuingia. Siku ya pili alileta uji mupaka kwa mulango, akampa mutu mwingine kuingiza. Nilimusikia akimuuliza muzalishaji, "Ananyonya?" na nilisikia hatua zake zikienda. Bwana yangu aliniambia Mama anaogopa kwamba jicho yake ndiyo imebaki na ile hesabu, na akimukamata mutoto itamufuata.

Siku ya tatu nikaamka. Miguu yangu ilikuwa imerudia midogo, nikashika ukuta kwa mukono moja. Nikapita korida, nikatoka nyuma, pale wenye kulinda wagonjwa wanapikiaka. Alikuwa ameinama, anaosha sufuria. Akaniona, akaona kile nilichobeba, akarudi nyuma hatua moja.

"Mama," nikamuambia, "kamata mutoto."

"Nilimuhesabia."

"Ninajua. Kamata. Akikufa, tutamulia siye wawili."

Akapangusa mikono kwa kikwembe yake, akapangusa tena, na tena. Kisha akamukamata.